Nzi-maua watatu kwenye giligilani: nawatofautishaje?

BustaniNjiro
Wakuu, giligilani iliyochanua hapa Njiro, Arusha, asubuhi hujaa nzi-maua (nzi wanaotembelea maua, wengi wakifanana na nyuki au nyigu). Naona aina tatu. A ni mweusi mwenye mikanda ya njano, milimita 10 hivi. B anafanana naye, ila mikanda imefifia na kifua kinang'aa cheusi. C ni mnene kama nyuki, macho yana mistari. Sukuma wiki ya jirani ina vidukari, nataka kujua mabuu ya nani yanawala. Picha zote nimepiga kutoka juu.

Kipapasio
Mkuu, usianze na mikanda ya tumbo. Buu likigeuka nzi wakati wa baridi ya Juni hadi Agosti, weusi huongezeka na njano hupungua, hata ndani ya spishi moja. Anza na ubavu wa kifua. Ukiona ukingo wa njano uliokatika vizuri kama umechorwa kwa kalamu, na macho hayana vinyweleo, huyo A ni Ischiodon aegyptius. Dume umthibitishe kwa lenzi ya mara 10: kwenye kiungo kidogo kinachounganisha mguu wa nyuma na mwili kuna mwiba mrefu. Jike hana, kwa hiyo kukosekana kwa mwiba peke yake hakuondoi jina hilo.

B akiwa na vinyweleo kwenye macho na hana ukingo ule wa njano, mtazame kama Betasyrphus adligatus. Hapa ndipo wengi hukosea: chavua ikiganda machoni hufanana na vinyweleo. Mgeuze upande, mwanga utoke nyuma yake. Vinyweleo halisi vitaonekana kama ukungu ulioenea sawasawa, chavua itaonekana punje punje.

BustaniNjiro
Nimshikeje bila kumuumiza? Akiguswa tu anaruka.

Kipapasio
Mfunike kwa chupa ya kioo, uiweke kwenye friji (si friza) dakika 5 hadi 10. Atapoa, nawe utapata dakika chache kabla hajachangamka. Piga picha nne: juu, ubavu, uso, na bawa lililonyooka juu ya karatasi nyeupe. Andika tarehe na ua alilotua.

MamaShamba
Kabla ya yote angalia macho kwa juu. Kwa nzi-maua wengi, ya dume hugusana na ya jike huachana. Watu huhesabu spishi mbili kumbe ni mke na mume.

Kuhusu C: nyuki ana mabawa manne na vipapasio virefu, nzi ana mawili na vipapasio vifupi. Kwenye bawa, tafuta mshipa mrefu unaoelekea nchani. Ukiwa umezama katikati kama bakuli, uko kwenye kundi la Eristalis na jamaa zake. Macho yenye mistari ya wima, huenda ni Eristalinus taeniops. Yenye madoa ni ndugu zake wengine. Iandike rangi ya macho akiwa hai, maana akikauka hufifia.

Mabuu ya C hayali vidukari. Yanaishi kwenye maji machafu yenye uozo, yakipumua kwa mkia mrefu kama mrija. Wanaokusaidia ni A na B: geuza majani ya sukuma, tafuta buu lisilo na miguu, limechongoka upande wa kichwa, limelala katikati ya vidukari. Ukilipata, jani hilo usilipulizie dawa.