Mjadala: Vita ya Kagera iliisha lini, na vijana wetu tuwafundishe mwisho upi?

Mwalimu wa Ilemela
Wakuu, salaam. Nafundisha historia sekondari hapa Mwanza. Wiki iliyopita nilikuwa namalizia Vita ya Kagera, ile yetu na Uganda ya Idi Amin. Nikaandika ubaoni kama nilivyoandikiwa mimi zamani: 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka, Amin akakimbia, tukashinda. Nikafuta ubao. Binti mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, kama tulishinda, mbona bibi anasema baada ya vita walifua nguo kwa majani ya mpapai?"

Nilimwambia tutalizungumza. Nimelala nalo siku tatu.

Naona mwisho wa vita ile tunaufundisha nusu. Kampala ilipoanguka, vijana wetu hawakugeuza magari. Jinja waliingia 22 Aprili, mpaka wa Sudan wakaufikia 3 Juni. Na huko nyuma yao Uganda haikutulia. Yusuf Lule aliapishwa kuwa rais 13 Aprili, akakaa siku 68 tu. Akaja Godfrey Binaisa, naye akaondolewa Mei 1980. Uchaguzi wa Desemba mwaka huo ukamrudisha Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, na Februari 1981 Museveni akaingia msituni kumpiga vita. Askari wetu wa mwisho walirudi 1981. Kijana wa miaka 16 aliyepewa tarehe moja tu anaona vita kama mechi ya Kirumba: refa akipuliza filimbi, kila mtu kwao.

Sasa nauliza: tuwape yote, pamoja na yale yanayouma? Kuna wenzangu ofisini wanasema bado ni wadogo.

Baba wa Buzuruga
Mwalimu, nakukatalia mapema. Hawa watoto hata nani alianza hawajui. Muulize wa kwangu, atakwambia Amin alikuwa mtu wa kuchekesha kwenye video za simu. Kabla ya foleni za sukari, mtoto ajue kwamba Oktoba 1978 askari wa Amin walivuka, wakaua watu, wakaswaga ng'ombe, na kufika tarehe 1 Novemba wakatangaza ardhi yetu hadi mto Kagera ni yao. Daraja la Kyaka wakalilipua. Ajue na ile hotuba ya Nyerere ya uwezo, sababu na nia ya kumpiga Amin. Ukikimbilia makosa yetu, atatoka darasani akidhani sisi ndio tuliovamia. Nchi inahitaji kijana anayejua kwamba iliwahi kusimama.

Mwalimu wa Ilemela
Mkuu, hapo sikupingi. Kyaka ndipo ninapoanzia, na nitaendelea kuanzia hapo. Ninachouliza ni pa kuishia.

Mama wa Missenyi, sasa Igoma
Mimi ni wa ng'ambo ya mto, kule kulikotekwa. Nilikuwa na miaka tisa. Tulitoka usiku, mama kambeba mdogo wangu, mimi nimeshika sufuria lenye maharage yaliyoiva nusu. Sufuria hilo nimelibeba mpaka mkono ukavimba kwa sababu mama alisema nisiliache.

Tuliporudi, jeshi letu lilikuwa limeshawafukuza. Redio inaimba ushindi. Nyumba yetu ilikuwa imebaki kuta, mabati yameng'olewa yote, zizi halina hata kamba. Migomba tu ndiyo iliyotusubiri. Baba alikaa chini ya mgomba mmoja hadi jua likazama, na ng'ombe hakupata tena hadi mimi nilipoolewa.

Kwa hiyo Baba wa Buzuruga, fundisheni ushindi, sisi ndio tuliokombolewa na tunaushukuru. Ila mkisema vita iliisha Aprili, baba yangu mnamweka wapi?

Mzee wa Kirumba
Nimesomewa haya na mjukuu wangu, naye ndiye anayeandika. Nilikuwa mgambo. Nilitoka hapa mwaloni nikiwa na ndala, buti nilipewa mbele ya safari.

Mnataka vijana waambiwe yanayouma. Haya. Masaka tuliingia Februari 24. Tulikuwa tumepita Kagera, tumeona maiti za watu wetu, wanawake na watoto. Mji ule ulilipuliwa. Mbarara pia. Majengo ya watu ambao hawakumtuma Amin popote. Sikuwahi kulisimulia hili mezani kwangu. Mwezi uliofuata tulikutana na Walibya waliokuja kumsaidia Amin pale Lukaya, huko ndiko nilikozika rafiki zangu wawili, na hayo ya Lukaya ndiyo niliyokuwa nasimulia kila mwaka.

Hata ninyi wa mjini mliionja. Ndege ya Libya ilikuja kulenga matanki ya mafuta hapa Mwanza, ikakosa, mabomu yakaua swala. Watu wanalicheka hilo. Yangepata matanki, wengi wenu msingezaliwa.

Waambieni vijana. Lakini aeleze mtu anayetuonea uchungu, asieleze anayetuhukumu akiwa amekaa kwenye kiti.

Mama wa Missenyi, sasa Igoma
Shikamoo mzee wangu. Asante kwa kulisema la Masaka. Sisi tuliofanyiwa tunajua uzito wake.

Mhasibu wa Nyakato
Nirudi kwa yule binti na majani ya mpapai, maana swali lake lina mtego. Tukimwambia sabuni iliisha kwa sababu ya vita, tutakuwa tumempa nusu nyingine tu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977. Bei ya kahawa ilishuka baada ya kupanda sana. Mwaka uleule wa 1979, mapinduzi ya Iran yakapandisha mafuta. Juu ya hayo ikaja vita, inayokadiriwa kutugharimu dola milioni 500, na mzigo mkubwa tuliubeba wenyewe. Kwenye mkutano wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, pale Monrovia, Julai 1979, kuna viongozi waliotulaumu kwa kuvuka mpaka, wakati huku nyumbani tumeambiwa tufunge mkanda miezi 18. Mkanda wenyewe ulikaa miaka.

Mpe mwanafunzi hayo yote, aamue mwenyewe kipi kilikula sabuni ya bibi kiasi gani. Hilo ndilo somo. Tarehe hata simu inazo.

Baba wa Buzuruga
Nimemsoma mama wa Missenyi mara mbili. La kuishia Aprili naliacha. Lakini mwalimu, mtihani wa taifa utakuuliza hayo ya zizi na mabati? Mtoto wangu akifeli, nani atamlipia kurudia?

Mwalimu wa Ilemela
Sababu, matukio na athari zinaulizwa kila siku, na anayeelewa athari anaziandika vizuri kuliko aliyekariri. Ila nakubali, vipindi ni vichache.

Niwaambie nilichofanya jana. Niliwapa kazi moja: kila mtu amuulize mkubwa mmoja nyumbani, "Kwako wewe vita iliisha lini?" Wamerudi na majibu arobaini na mbili. Wengi: ilipotangazwa redioni. Mmoja: kaka alipovuka na meli kutoka Bukoba. Mwingine: duka la ushirika lilipofunguliwa tena. Kijana mmoja ameandika jina la babu yake mdogo na neno "bado", basi. Yule binti wa mpapai hajaleta, anasema bibi ameomba muda.

Alhamisi ijayo nina vipindi viwili mfululizo. Mzee wa Kirumba, nakuomba kwa heshima, ungefika?

Mzee wa Kirumba
Nitakuja. La Masaka nitalisema mbele yao, mara moja. Simu zizimwe, na mwanzoni uwasomee majina yale mawili ya Lukaya, nitakupa tukionana.