Tupeane uzoefu: waoga wa sindano, mwafanyaje?

Bint Shela: Jamani, nina mimba. Kliniki wataka kunidunga ya pepopunda na kunitoa damu, nami hata nikiiona kwenye runinga nageuza uso.

Nahodha: Nishachomwa na mwiba wa samaki taa nikarudisha mashua mwenyewe. Sindano naikimbia.

Baba Fatma, Langoni: Aliyenitia adabu mimi ni paka. Paka wa Lamu mwawajua. Nilikuwa namtoa kwenye ndoo ya samaki akaning'ata kidole. Bibi akanijia juu: kichaa cha mbwa hata paka huwa nacho! Nikaosha kwa sabuni na maji ya mfereji dakika 15, nikaenda hospitali miguu ikigoma. Mimi nimekua nikisikia za sindano za kitovuni, basi nikavua shati nikalala chali. Muuguzi alicheka mpaka akashika meza. Hizo za tumboni ni za zamani, akasema, siku hizi ni begani: siku hiyo hiyo, kisha ya 3, ya 7 na ya 14. Wallahi kidole kiliuma kuliko bega.

Mama Wawili, Malindi: Hofu yenyewe twaitia sisi wazazi. "Nyamaza, nitamwita daktari akudunge!" Halafu siku ya chanjo twashangaa mtoto kajificha chini ya benchi. Wangu namwambia kweli, itauma kidogo. Namkalisha mapajani, ahesabu tuktuk dirishani. Yule mchanga namnyonyesha hapo hapo akidungwa.

Mrefu wa Maweni: Bint Shela, waogopa tu au wazimia? Maana ni mambo mawili. Mimi huanguka: presha yapanda kwa hofu, halafu yashuka ghafla na moyo wapunguza mwendo. Kwa hivyo wanaokwambia "legeza mwili" hawakusaidii. Nilifundishwa kukaza mapaja na mkono ule mwingine sekunde 10 hadi 15, mpaka uso upate joto, niachie kama nusu dakika, nirudie mara 5. Mkono wa sindano ndio uulegeze. Na waambie mapema wakulaze, kwa ubavu wa kushoto sababu ya mimba.

Bint Shela: Nazimia, naam. Na ile krimu ya ganzi?

Mrefu wa Maweni: Ipo, ila waulize kliniki kwanza. Hupakwa kama saa moja kabla.

Nahodha: Saa nzima nangoja sindano? Mimi nishavukia kisiwa cha Manda zamani.