Wasimamizi, mnahesabu vichwa huku wachangiaji wanaondoka

Kwa wasimamizi wa jukwaa hili, na kwa wanachama wenzangu wachache ambao bado mnasoma: Assalamu aleikum.

Nimefungua uzi huu nikiwa na hasira, wala sitaificha. Wiki tatu zilizopita niliuliza hapa kuhusu ukuta wa nyumba yetu ya Mji wa Kale, nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, ambao tangu upigwe plasta ya saruji umekuwa ukitoa chumvi na kubambuka vipande vikubwa kama sahani. Mzee mmoja, fundi wa siku nyingi, alinijibu kwa aya nne zilizopangika. Alieleza kwamba mawe yale hunywa maji na kuyatoa, kwamba chokaa huyaacha yapumue ilhali saruji huufungia unyevu ndani, na kwamba chumvi ikikosa pa kutokea huusukuma uso wa ukuta mpaka ukaanguka. Kisha akaniuliza kama unyevu unapanda kutoka chini au unashuka kutoka kwenye boriti za dari.

Niliporudi kutoka kazini jioni, chini ya jibu lake palikuwa na machapisho thelathini na saba. "Nimefika." "Hongera jukwaa." "Pamoja sana." Jingine lilikuwa nukta tupu. Ilikuwa ndiyo siku mliyotangaza shindano lenu, kwamba atakayefikisha machapisho hamsini atapewa bando, na atakayeandikisha watu kumi atapewa kredi. Yule mzee aliandika mara moja tu tena: "Mwanangu, njoo barazani tuzungumze, hapa hata swali lako silioni tena." Hajarudi.

Huyo ndiye mwanachama mliyekuwa mkimtafuta. Mlikuwa naye, mkamfukuza kwa bando.

Najua mtanijibu kwamba jukwaa jipya halina budi kupata watu kwanza, na kwamba ukumbi mtupu humkimbiza mgeni. Hilo silikatai. Hata waanzilishi wa Reddit, lile jukwaa kubwa la mtandaoni la Marekani, walipoanza mwaka 2005, walikiri baadaye kwamba walijaza ukurasa wao kwa akaunti bandia ili usionekane mkiwa. Lakini walichokiweka kilikuwa aina ya mambo waliyotaka yasomwe pale, na aliyeingia akajua mara moja ni mazungumzo gani yanayotakikana. Anayeingia hapa leo anakutana na "Nimefika" thelathini, na anajifunza kwamba hapa watu hufika tu.

Tena mnatangaza idadi ya waliojiandikisha kana kwamba ndiyo idadi ya wanaozungumza. Mwaka 2006 Jakob Nielsen, mtaalamu wa namna watu wanavyotumia tovuti, aliandika kuhusu kanuni ambayo kila anayeendesha jukwaa angepaswa kuijua: katika watu mia, takriban tisini husoma tu, tisa huchangia mara mojamoja, na mmoja ndiye anayebeba sehemu kubwa ya mazungumzo. Maana yake ni kwamba kumpoteza fundi mmoja anayejibu kwa aya nne ni hasara ambayo akaunti mia mbili za kuwinda kredi haziwezi kuifidia, na kwamba jukumu la msimamizi katika miezi ya mwanzo ni kumjua huyo mmoja kwa jina lake la jukwaani, kumshukuru, na kumpelekea maswali yanayomhusu.

Na vyumba! Nimehesabu vyumba arobaini na viwili, kuanzia uvuvi hadi mapenzi, na thelathini na moja kati yake havina hata uzi mmoja. Nani kawashauri? Vyumba vitatu vinavyozungumza vingetosha, vingine vikafunguliwa pale watu wanapobanana.

Ninyi ni watu wa Mombasa, kwa hiyo sielewi ni kwa nini mnahitaji kuelezwa baraza linavyojaa. Hakuna aliyewahi kupita Kibokoni na kipaza sauti akiita watu waje kuketi. Baada ya alasiri mzee wa nyumba hutoka, hukaa mahali pale pale alipokaa jana, muuza kahawa hupita na dele lake, wawili wanaanza kubishana juu ya jambo lenye maana, na mpita njia anasimama kwa sababu amesikia kitu anachokijua. Akisema neno, anajibiwa. Kesho anarudi. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na ninyi mmekuwa mkijitembeza mpaka kwenye simu za watu waliolala.

Hapo ndipo hasira yangu ilipozidi. Mpwa wangu, katika kuwinda watu kumi, ameiandikisha nambari ya mama yangu, ambaye ana miaka sabini na mitatu na simu yake ni ya kupokea na kupiga tu. Kwa siku nne amekuwa akipokea jumbe zenu, moja ikiwa saa nane usiku, naye akaamka akidhani kuna msiba. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inayotaka ridhaa ya mtu kabla taarifa zake hazijatumiwa kwa biashara. Ridhaa ya mama yangu mliipata wapi?

Ninataka mambo matatu. Shindano lisimamishwe. Machapisho yale thelathini na saba yafutwe kwenye uzi wangu, na msimamizi mmoja, kwa jina lake, amwandikie yule mzee kumwomba radhi na kumwambia kwamba swali lake nina jibu lake: unyevu unapanda kutoka chini. Na nambari ya mama yangu iondolewe leo, kabla ya Isha.