Harusi ya wageni 250 Karen: picha za simu za wageni nizikusanyeje zikae kwenye akaunti yetu?

mwanakamati_254

Wadau, hamjambo. Kuna harusi mwezi ujao, bustani moja huku Karen, Nairobi, wageni kama 250. Mpiga picha ameshalipwa, lakini familia inataka pia picha na video za simu za wageni, zikae mahali pamoja panapomilikiwa na maharusi wenyewe, si kwenye grupu la WhatsApp.

Tulicho nacho: akaunti ya Google ya bure iliyobakisha GB 6, diski ya nje ya TB 1, laptopu ya Windows, na fiba ya nyumbani inayopakia kwa Mbps 10. Hela ya kulipia hifadhi ya wingu kwa miezi miwili mitatu ipo. Wageni ni mchanganyiko: vijana wa iPhone, wajomba wa Tecno, na kina shosho ambao hawataskani chochote.

Kuna aliyesema tufungue tu albamu ya pamoja ya Google Photos tumalize. Inatosha?

waya_na_wingu

Haitoshi, na sababu ni mbili.

Ya kwanza ni ukubwa. Kamati nyingi huhesabu picha na kusahau video. Tuseme wageni 80 kati ya hao 250 wataleta kitu, kila mmoja picha 40. Picha ya simu ni kama MB 3, kwa hivyo hapo ni karibu GB 10. Sasa kila mmoja aongeze dakika 3 tu za video. iPhone ikirekodi 1080p (video ya HD ya kawaida) kwa H.264 (mfumo wa kubana video) inakula takriban MB 130 kwa dakika. 4K, yenye ubora zaidi, kwa mfumo huo huo ni MB 350. Kwa 1080p peke yake ushaongeza GB 31. Ukizihifadhi kwenye akaunti yenu, hizo GB 6 zitajaa kabla keki haijakatwa, na zikijaa hata barua pepe zinaacha kuingia, kwa sababu zile GB 15 za bure hugawanwa na Gmail, Drive na Photos. Tangu Juni 2021 hata picha zilizobanwa huhesabiwa humo, na nakala ya WhatsApp ya Android siku hizi nayo inakula nafasi hiyo hiyo. Nunua GB 100 angalau.

Ya pili ndiyo huwaponza watu: kuiona picha kwenye akaunti yako si kuimiliki. Katika albamu ya pamoja, picha inabaki mali ya mgeni aliyeiweka. Akiifuta kwake mwezi ujao ili apate nafasi, au akitoka kwenye albamu, kwako pia inatoweka, isipokuwa ulikuwa umeihifadhi kwenye maktaba yako. Folda ya Drive ya pamoja ni vivyo hivyo: faili ni ya aliyeipakia na inahesabiwa kwenye nafasi yake. Tena ukiwapa wageni ruhusa ya kuhariri ndipo wapakie, kuna mmoja atakayeondoa faili za wenzake bila hata kujua.

Unachotaka ni mahali ambapo mgeni anatumbukiza tu: haoni vya wengine, hawezi kufuta, na kikishaingia ni chako. Dropbox ina huduma ya kuomba faili inayofanya hivyo hasa. Unatengeneza ombi, unachagua folda, unapewa linki. Mgeni hahitaji akaunti. Anachagua picha, anaandika jina lake na barua pepe, anatuma. Jina lake linaambatishwa kwenye faili, jambo zuri sana maana kila iPhone ina IMG_0412 yake na bila hivyo hutajua ipi ya nani.

Ubaya: akaunti ya bure ya Dropbox ni GB 2 tu, haikufai. Lipia mwezi mmoja au miwili. Kama hakuna kadi ya benki, kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay inafaa kwa malipo ya aina hii. Zima usajili wa kujirudia siku ile ile unapolipa. Utaendelea kutumia hadi muda uishe.

fundi_wa_luthuli

Nakubaliana na hapo juu. Mimi niseme ya siku yenyewe, kwa sababu mpango hufia kwenye hema, si kwenye wingu.

QR ya kuwafikisha wageni kwenye linki ichapishwe kutoka linki yenyewe. Tovuti nyingi za "QR ya bure" hukupa msimbo unaopitia kwao kwanza. Muda wa majaribio ukiisha, mgeni akiskani Jumatatu anakutana na tangazo la kulipia. Chrome kwenye kompyuta inatengeneza QR ya ukurasa uliofungua bila kupitia kwa mtu yeyote, itumie hiyo. Kipimo: umbali wa kuskani gawanya kwa kumi. Kadi ya mezani QR ya sentimita 4 inatosha. Bango la langoni linaloskaniwa kutoka mita 2 liwe na QR ya sentimita 20. Nyeusi kwenye nyeupe. Msiruhusu mbunifu wa kadi aipake dhahabu eti ifanane na rangi za harusi, na msiweke plastiki ing'aayo, jua la saa nane likipiga hapo kamera haisomi. Chini ya QR andika linki fupi kwa herufi za kawaida.

Wageni 250 ni meza 25, basi kadi 25 na mabango 2. Jaribu na simu mbili, moja ya bei ya chini kabisa, kabla hujachapisha zote.

Usiahidi Wi-Fi. Simu 80 zikivamia ruta moja ya laini ya simu, hakuna atakayepakia hata picha moja, na mnara wa mtandao wa eneo hilo utakuwa umelemewa na watu hao hao wanaoenda mubashara TikTok. MC aseme hivi: "Piga leo, pakia ukifika nyumbani." Linki iachwe wazi wiki mbili, kumbusho liende kwenye grupu Jumapili jioni na tena wikendi inayofuata. Bando la mtu likiwa dogo hatapakia video ya MB 400 kwa ajili yako, hilo mlijue mapema.

Kina shosho na wajomba: tafuteni kijana mmoja akae meza ya pembeni na laptopu, kisoma kadi, waya wa USB-C, wa Micro-USB na wa iPhone. Simu ya Android ikichomekwa, telezesha arifa chini, badilisha kutoka kuchaji hadi kuhamisha faili, kisha fungua folda ya DCIM/Camera, ambamo kamera huweka picha, unakili za siku hiyo tu. Kila mtu na folda yenye jina lake. Kama simu na laptopu zote zina Quick Share (ya kurushiana faili bila waya) ni rahisi zaidi, haili bando.

iPhone kwenye Windows ina tabia yake: inakili picha 30 halafu inaleta ujumbe kwamba kifaa hakifikiki. Mara nyingi waya hauna kosa. Simu inajaribu kugeuza HEIC (aina ya faili ya picha za iPhone) kuwa JPEG ya kawaida wakati wa kunakili na inashindwa. Nenda mipangilio ya simu, sehemu ya programu ya Picha, chini kabisa kwenye kuhamisha kwenda Mac au PC, chagua zibaki za asili. Chomoa, chomeka tena, gusa kukubali kuiamini kompyuta.

mwanakamati_254

Asanteni. Maswali mawili. Fomu ya Google yenye sehemu ya kupakia faili haiwezi kuchukua nafasi ya Dropbox, maana GB 100 za Google tutalipia tu? Na wale watakaong'ang'ania WhatsApp tuwafanyeje?

waya_na_wingu

Fomu inawezekana, na faili zinaingia Drive yako zikiwa zako, jina la mtumaji likiwa mwishoni mwa jina la faili. Lakini lazima mgeni awe ameingia kwenye akaunti ya Google. Kwa Android si neno. Kwa iPhone, wengi wataombwa nenosiri ambalo hawalikumbuki, na hapo umewapoteza. Pia swali moja linapokea faili zisizozidi 10, kwa hivyo mwenye picha 40 anajaza fomu mara nne, au uweke maswali manne ya kupakia. Na jumla ya fomu nzima huanza ikiwa GB 1: ikifika hapo inaacha kupokea. Ingia mipangilio ya fomu uipandishe hadi GB 100 kabla ya kuchapa QR.

Kwa grupu la watu wazima wanaotumia Android, fomu. Kwa mchanganyiko kama wenu, Dropbox kisha uhamishie Google au diski.

WhatsApp: picha ya kawaida hubanwa na hupoteza tarehe na saa iliyopigwa. HD inasaidia kiasi, bado imebanwa. Njia ni kutuma kama hati: alama ya kiambatisho, hati, chagua picha. Inafika ilivyo, hadi GB 2 kwa faili. Elekeza zote kwa namba moja, si kwenye grupu, la sivyo wageni wote 250 wanapakua harusi nzima kwenye simu zao. Na mwenye namba hiyo azipakue ndani ya siku chache. Picha ikikaa wiki kadhaa bila kufunguliwa, WhatsApp itamwambia haipo tena, aombe itumwe upya.

seva_ya_mtaani

Mbona mlipe Dropbox? Weka Nextcloud (programu ya bure inayogeuza kompyuta yako kuwa wingu lako mwenyewe) kwenye kompyuta ndogo nyumbani, tengeneza linki ya kupokea faili tu, weka tarehe ya mwisho. Mgeni haoni chochote kilichomo, hahitaji akaunti, na nafasi ni diski yako.

waya_na_wingu

Kwa anayejua seva, sawa. Lakini muulizaji ana mwezi mmoja. Watoa huduma wengi wa fiba huwaweka wateja kadhaa nyuma ya anwani moja ya IP (anwani ya mtandaoni), kwa hivyo seva ya nyumbani haifikiki kutoka nje bila kupitia handaki, yaani huduma ya kati inayoiunganisha na mtandao wa nje. Handaki la bure la Cloudflare linakataa ombi linalozidi MB 100. Picha zitapita, na video ya dakika moja ya MB 130 inaweza kugonga mwamba isipopakiwa vipande vipande. Halafu stima ikipotea Jumapili jioni, saa ambayo watu wote wamekaa nyumbani kupakia, umekwisha. Ukisisitiza Nextcloud, kodi seva ya mtandaoni kwa miezi miwili.

sheria_na_picha

Jambo ambalo halijatajwa. Kukusanya picha za harusi kwa matumizi ya familia hakuna tatizo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 imeacha nje shughuli za binafsi na za nyumbani. Mambo hubadilika pale mwenye bustani, mpambaji au mpiga picha anapoomba linki ili atoe za kutangaza biashara yake. Hapo idhini inahitajika, na ya mtoto hutolewa na mzazi au mlezi. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na mgahawa mmoja wa Nairobi shilingi 1,850,000 kwa picha ya mteja. Kwa hivyo linki ya kutumbukiza iwe ya wageni wote, ya kutazama iwe ya familia tu.

Na picha asili zina GPS ndani, yaani mahali zilipopigwa. Picha za maandalizi zilizopigwa nyumbani kwa bibi harusi zinaonyesha nyumba ilipo. Kabla ya kushiriki albamu, nakili folda, na kwenye hiyo nakala endesha exiftool, programu ya bure ya kuhariri taarifa zilizofichwa ndani ya picha:

`exiftool -gps:all= -overwrite_original -r folda`

Usipoandika `-overwrite_original`, exiftool inabakiza pembeni nakala ya awali ya kila faili inayoibadilisha, na folda inavimba. Picha asili zenyewe usiziguse.

fundi_wa_luthuli

Nimalizie na diski. Usipakue kutoka Drive kwa kivinjari: folda kubwa inakatwakatwa zipu nyingi za GB 2 hivi, video kubwa zinakuja peke yake nje ya zipu, na zipu moja ikikatika njiani hutagundua. Weka programu ya Drive au Dropbox kwenye laptopu, iambie folda hiyo ipatikane bila mtandao, ngoja imalize, ndipo unakili kwenda diski. Anayeweza mstari wa amri atumie rclone, programu ya bure ya kunakili faili kati ya wingu na kompyuta (hapa `drive` ni jina ulilolipa akaunti ya Google ndani ya rclone, na `E:` ni diski):

`rclone copy drive:Harusi E:\Harusi --progress`
`rclone check drive:Harusi E:\Harusi`

Amri ya pili inalinganisha faili moja moja na kukuambia ipi haipo au imeharibika. Tumia copy, usitumie sync. Sync inafuta upande wa pili chochote kisichokuwepo upande wa kwanza, na ukikosea mpangilio wa folda imekwenda. Msihesabu rclone kwa Google Photos: tangu mwisho wa Machi 2025 inaona tu picha ilizozipakia yenyewe.

Kutoka diski kwenda wingu, GB 40 kwa Mbps 10 ni kama saa tisa mtandao usipoyumba. Iache usiku, na uzime usingizi wa laptopu.

Diski ifomatiwe kwa mfumo wa exFAT, inasomeka Windows na Mac. FAT32, mfumo wa zamani, haipokei faili inayozidi GB 4, na dakika 13 za 4K zinavuka hapo. Ukinunua flashi za kugawia wazazi wa pande zote mbili, zijaribu kwanza kwa H2testw, programu ya bure ya kupima ukubwa halisi wa flashi. Kuna flashi zinazojitangaza GB 256 kumbe ndani ni 16. Zinakubali kunakili mpaka mwisho bila kulalamika, halafu faili zilizozidi hazifunguki.