Kuwashwa na ganzi baada ya kuondolewa uvimbe kwenye uti wa mgongo

Muulizaji:
Nawasalimu nyote. Niliondolewa uvimbe ndani ya uti wa mgongo, usawa wa kifua, na sasa natembea vizuri. Lakini soksi inaniwasha kama upupu, mguu wa kushoto unahisi maji yanatiririka ilhali ni mkavu, na kiuno nakihisi kimebanwa mchana kutwa. Je, hali hii huisha?

Mchangiaji wa kwanza:
Pole sana, ndugu. Ili kuufikia uvimbe wa ndani, daktari mara nyingi hupasua uti wenyewe (ule ugwe wa neva ulio ndani ya mifupa ya mgongo) kwa nyuma, katikati, karibu na njia zinazopeleka ubongoni habari za mguso. Njia hizo zikijeruhiwa, ubongo hupokea taarifa zilizovurugika, na ndiyo maana ngozi isiyo na kidonda chochote huwaka. Nafuu huja polepole, kwa miezi au hata miaka, na wengine hubakiwa na hisia hizo. Dawa za kawaida za maumivu husaidia kidogo. Muulize daktari kuhusu gabapentini au amitriptilini, dawa zinazotuliza maumivu ya neva, na ukianzishiwa usiache ghafla.

Mchangiaji wa pili:
Mimi huvaa soksi nje ndani ili mshono usiguse vidole, na maji ya kuoga huyapima kwa kiwiko, kwa kuwa mguu hunidanganya kuhusu joto. Gizani hushika ukuta, maana macho ndiyo huniambia nimekanyaga wapi.

Mchangiaji wa tatu:
Udhaifu mpya wa miguu, ganzi sehemu za siri au mkojo kuziba si mambo ya kuzoea; nenda hospitali siku hiyo hiyo.