Makala ya kwanza: jarida la usajili, la ada, au lisilomtoza mtu?

Tasnifu_Mpya
Wakuu, msimamizi ameniambia sura ya tatu ya tasnifu yangu inatosha kuwa makala. Nina majarida matatu mkononi. La kwanza ni la usajili: msomaji hulipa, mwandishi halipi, ila uhakiki wake unaweza kuchukua miezi minane. La pili ni huria, yaani yeyote husoma bure mtandaoni, na makala ikikubaliwa mwandishi hulipa ada. La tatu pia ni huria, halimtozi mwandishi wala msomaji, lakini halijulikani sana. Mngekuwa ninyi mngepeleka wapi?

Kalamu_Nyekundu
Nimehakiki makala miaka mingi. Ada peke yake isikutishe. Jarida huria la PLOS ONE limetoza ada tangu lilipoanza mwaka 2006, na uhakiki wake ni wa kweli. Ogopa jarida linaloishi kwa kukubali kila kinachokuja. Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha uchunguzi wa John Bohannon. Alituma makala ya kubuni, yenye makosa ya wazi, kwa majarida huria 304 yanayotoza ada, 157 yakaikubali. Kwa hiyo fungua toleo la mwisho la hilo la pili, usome makala mbili za fani yako. Ukikuta jedwali lenye asilimia zisizofika mia na hakuna maelezo, achana nalo.

Subira2
Mimi yalinikuta. Siku ya nne tu baada ya kutuma makala nikapata barua pepe: imekubaliwa, hakuna marekebisho, na ankara imeambatishwa. Hakuna aliyeniuliza hata sampuli niliipataje. Nikaomba kuiondoa, kimya. Nikakaa karibu mwaka mzima siwezi kuipeleka kwingine, maana muswada mmoja hauwezi kuwa kwenye majarida mawili kwa wakati mmoja. Inaniuma mpaka leo.

Tasnifu_Mpya
Pole sana ndugu yangu. Sasa nikilikuta jarida kwenye DOAJ, ile orodha ya mtandaoni ya majarida huria, inatosha?

Mkutubi
Ni mwanzo mzuri. DOAJ ilianzishwa mwaka 2003 katika Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, na huorodhesha majarida huria tu, kwa hiyo hilo la usajili usilitafute humo. Na la usajili si lazima liifungie kazi yako. Mengi huruhusu uweke muswada uliokubaliwa, yaani ule uliokwisha kuhakikiwa lakini haujapangwa na mchapishaji, kwenye hazina ya chuo ya machapisho mtandaoni baada ya muda fulani. Soma mkataba wa hakimiliki kabla ya kusaini, si baada. Mimi lakini ningechagua la tatu, mradi kila makala ina DOI, yaani namba yake ya kudumu mtandaoni, na nakala zake zinahifadhiwa mahali kama CLOCKSS, hifadhi ya kidijitali ya machapisho ya kitaaluma. Jarida dogo lisilo na hifadhi, tovuti ikizimwa, makala yako imekwenda nayo.

Kalamu_Nyekundu
Mkutubi, hapo sikubaliani nawe kabisa. Kamati nyingi za ajira bado hutazama jina la jarida kabla ya kufungua makala. Si haki, lakini anayetafuta kazi mwakani hawezi kulipuuza hilo. Kama hana haraka, basi sawa, la tatu.

Tasnifu_Mpya
Ajira si ya mwakani, nina miaka miwili mbele. Nimefungua orodha ya wahariri wa la tatu: wawili nimewanukuu kwenye sura hiyohiyo. Usiku huu namwandikia mhariri mkuu, namtumia ikisiri, nimuulize kama mada inawafaa na nakala zao huhifadhiwa wapi.