Upinde wa fidla wa marehemu babu: seremala ataka kuunyoosha, nimruhusu?

Mjukuu_Vikokotoni: Wakuu, salaam. Marehemu babu alipiga fidla kwenye taarab hapa Unguja. Fidla yenyewe imeliwa na mchwa, ila upinde uko mzima, singa tu, zile nywele za farasi zinazosugua nyuzi, ndizo zimekatika. Mti wake umebonyea kuelekea kwenye singa, na karibu na kishikio pamepigwa muhuri TOURTE. Seremala wa mtaani, niliyemwachia autazame, anasema umepinda kwa unyevu, ataupasha moto aunyooshe kisha aupake vanishi. Jamaa mwingine anataka kuununua kwa sababu ya hilo jina. Nifanyeje?

Kamba_ya_Nne: Mkuu, kauchukue leo hii! Huko kubonyea ndiko ufundi wenyewe. Zamani pinde za fidla zilibinuka kwa nje, mfano wa pinde za mishale. François Xavier Tourte wa Paris, aliyeanzia kwenye kazi ya saa, ndiye hasa aliyeupa umbo la leo mwishoni mwa karne ya 18. Mti huchongwa ukiwa umenyooka, kisha fundi huupasha moto kipande kwa kipande na kuukunja kwa mkono. Huchonga kidogo, huupima kwa vidole unavyorudi, huchonga tena. Akizidisha, mti unalegea na hauna dawa. Mkunjo huo ndio unaozipa singa nguvu zinapokazwa. Ukinyooshwa, umekwisha.

Ama muhuri, Tourte alifariki 1835 na kwa kawaida hakupiga jina lake. Pinde nyingi zenye jina hilo zilitoka karakana za Ujerumani, hasa Markneukirchen. Nyingine ni nzuri kweli, kwa hiyo usiudharau.

Binti_Kongowea: Mie hupiga fidla Mombasa. Upeleke kwa sonara aupime uzito, upinde mzuri huwa karibu gramu 60. Mti bora ni pernambuco wa Brazil, wekundu ulioiva. Tangu 2007 biashara yake ina udhibiti wa kimataifa. Kisha kitazame juani kichwa cha upinde, ile ncha iliyo mbali na kishikio. Ukiona ufa, hata mwembamba kama unywele, usitie gundi mwenyewe. Na kama ncha ina pembe ya ndovu, usiuvushe mpaka bila kibali. Walimu wa fidla wa Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi wako hapo hapo Unguja, waonyeshe kabla ya kuzungumza bei na mtu.

Mjukuu_Vikokotoni: Nashukuru dada, nawe mkuu. Nimeshauchukua. Gramu 61, kichwa hakina ufa. Singa za farasi nazo, zinapatikana wapi?

Binti_Kongowea: Sie huagiza nje. Waulize walimu hao hao, na anayejua kuzifunga ni nani.